Majibu ya MRI yasikutoe roho, mgongo una mambo yake

Hapa Nakuru ukishika kiuno mbele ya watu hata kidogo tu, utapata madaktari watatu kabla hujanyooka. Wa kwanza atakwambia ni figo, kunywa maji mingi. Wa pili atasema ni baridi, si unalala karibu na dirisha na unaona vile kunanyesha. Wa tatu ndiye mbaya, huyo atakuangalia na huruma aseme polepole, "hiyo ni diski imetoka," halafu akupatie hadithi ya jirani wa shangazi yake alipasuliwa akabaki hatembei.

Mimi naendesha pikapu, natoa waru, yaani viazi, Mau Narok na Molo naleta mjini, na mgongo ulishanitia adabu. Mguu wa kushoto ulikuwa unawaka kutoka matakoni mpaka kwa kidole gumba, nikikohoa tu machozi yananitoka. Nilipata fizio mmoja mvumilivu, yule wa kutibu kwa mazoezi na mikono, nikamuuliza maswali mpaka akaniuliza kama nataka kazi yake. Sasa wiki iliyopita shemeji yangu, ndugu ya mke wangu, yeye hupakia miwa kwa trela kule Malava, akanipigia.

"Shem, nimepewa majibu ya MRI, ile picha ya ndani ya mwili. Wameandika diski tatu zimeharibika. Sasa mimi basi nimekuwa kilema?"

"Mguu unakuuma?"

"Mguu? Hapana shem, ni kiuno tu. Na siku hizi hata si kila siku."

Nikamwambia kwanza avute kiti. Mengi ya haya ndiyo nilimwambia, mengine nimeongeza kwa sababu simu ina gharama na yeye alikuwa na bando ya kukopa.

Mgongo una pingili 24 zinazosonga, 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, halafu chini kuna mfupa mmoja umeshikana unaingia katikati ya nyonga. Kati ya pingili na pingili kuna diski, jumla 23 (zile pingili mbili za juu kabisa shingoni hazina diski kati yao). Diski ni nyuzi ngumu zimezungushwa tabaka kwa tabaka, ni kama chapati ya kukunjwa kabla haijasukumwa, na katikati kuna ute mzito umejaa maji. Hizo nyuzi zimeota kwa mfupa juu na chini, zimeshika vizuri sana, kwa hivyo hakuna siku diski nzima itachomoka iende kando ingoje mtu aje aisukume irudi. Kinachotokea ni tabaka zinapasuka, mara nyingi upande wa nyuma, na ute unasukumwa kwa ule ufa. Wakati mwingine unavimbisha ukingo tu, wakati mwingine unapasua kabisa unatoka nje.

Na hapo nyuma ndipo mishipa ya fahamu inapita ikielekea miguuni. Ute ukifika hapo unaubana mshipa, halafu juu ya kuubana una kemikali zinazoufanya uvimbe na uwe mkali. Ndiyo maana diski ikishika mshipa wa kiunoni kweli, kelele kubwa inakuwa mguuni, inashuka chini ya goti mpaka kwa wayo, na kiuno chenyewe pengine hata kinauma kidogo kuliko mguu. Hiyo ndiyo wanaita saiatika. Karibu zote za kiuno zinatokea kwa diski mbili za chini kabisa, ile ya kati ya pingili ya 4 na ya 5, na ile inayofuata chini yake. Ile ya juu ikibana, kidole gumba cha mguu kinakuwa kizito kuinua na ganzi inakaa juu ya mguu, hiyo ndiyo ilikuwa yangu. Ile ya chini, ganzi inaenda upande wa kidole kidogo na kusimama kwa ncha za vidole inakuwa shida. Fizio alinilaza chali akainua mguu wangu ukiwa umenyooka, haujafika hata nusu nikapiga nduru, akasema "haya, tumempata," na hakuwa ameona picha yoyote. Maneno ya diski kusukuma mshipa yalikuja kueleweka vizuri mwaka wa 1934, madaktari wawili wa Boston, William Mixter na Joseph Barr, walipoandika kuhusu wagonjwa waliowapasua wakakuta hivyo. Kabla ya hapo watu waliumwa mguu miaka na miaka na lawama inapewa mshipa wenyewe.

Sasa rudi kwa shemeji. Mguu hauumi, ganzi hana, anainua vidole, anasimama kwa visigino. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 90 ya maumivu ya kiuno hayana ugonjwa mmoja unaoweza kunyooshewa kidole ukasema ni huyu hapa, ni misuli, ni viungo vidogo vya pingili, ni usingizi mbaya, ni mawazo, vyote vimechanganyika. Na ukipiga picha utakuta kitu tu! Mwaka wa 1994 watafiti wa Marekani walichukua watu 98 ambao mgongo hauwaumi hata kidogo wakawapiga MRI, zaidi ya nusu, asilimia 52, walikuwa na diski imevimba angalau mahali pamoja, na asilimia 27 diski imesukuma nje. Hao ni watu wazima wanatembea, wanacheza mpira, hawana habari. Mwaka wa 2015 zikakusanywa tafiti nyingi pamoja, watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu, ikaonekana kwa wenye miaka 20 asilimia 37 diski zimeanza kuchakaa, wa miaka 40 ni asilimia 68, wa miaka 80 ni 96. Shemeji amepita 40. Amebeba miwa tangu atoke shule. Kama diski zake zingekuwa safi ningeuliza kama ile picha ni yake kweli.

Picha ina kazi yake, usinielewe vibaya. Lakini picha inafaa ijibu swali ambalo mwili umeshauliza, si kuanza na picha halafu unatafuta ugonjwa wa kuipa. Yule aliyempa shemeji karatasi angemwambia sentensi mbili tu za hivyo, jamaa asingekaa siku kadhaa bila kula.

Basi mgongo unaharibiwa na nini? Hapa kila mtu ana adui yake. Mimi nilikuwa nalaumu gunia. Kisheria gunia la waru ni kilo 50, kanuni za 2019 zinasema hivyo, lakini nenda Molo wakati wa mavuno uone vile gunia linaongezewa kichwa linafungwa na kamba juu mpaka linashinda mtu anayelibeba. Kubeba kitu kizito ukiwa umeinama na umejipinda, hiyo inaumiza, hakuna ubishi, hasa ule mpindo wa kutupa mzigo kwa gari. Kukaa kwa gari inayotetemeka siku nzima pia, madereva wa lori na matrekta wanaumwa mgongo kuliko watu wengi, na sisi wa barabara za murram tunajua. Uzito wa mwili, sigara pia imo, na hii ya sigara watu hucheka lakini diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ndani, chakula chake kinapenya polepole kutoka kwa mfupa wa jirani, sasa wewe ukiharibu ile damu ya jirani diski inakula nini?

Lakini kuna kitu kilinishangaza. Kule Finland walifuatilia mapacha, huyu alifanya kazi ngumu maisha yake yote na mwenzake alikaa ofisini, wakapiga picha migongo yao. Walidhani watakuta tofauti kubwa. Walikuta kitu kikubwa zaidi ni damu ya ukoo, vile wazazi wako walikuzaa, na kazi ilichangia kidogo tu kwa kuchakaa kwa diski. Ndiyo unaona karani wa benki analia mgongo na mzee anasukuma mkokoteni pale soko la Kibuye, Kisumu, miaka yote bila shida. Hiyo haimaanishi ubebe gunia la kilo 100 leo, kuumia unaumia, ila mama anayeosha nguo za watu aache kuambiwa kila siku kwamba amejiharibu mwenyewe.

Kitu kingine, asubuhi. Usiku ukilala diski zinanyonya maji zinajaa, ndiyo maana mtu ni mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni, hata sentimita moja hivi. Zikiwa zimejaa hivyo kuinama kunazibana zaidi. Mimi kupakia naanza baada ya chai na kutembeatembea, si nikitoka tu kitandani.

Kuna mambo ambayo hayataki stori na hayataki kungoja Jumatatu. Ukipata ganzi kati ya miguu, pale ungekalia tandiko la baiskeli, au mkojo unakataa kutoka, au unatoka bila wewe kujua, choo vilevile, au miguu yote miwili inaisha nguvu, hiyo ni ute umebana fungu lote la mishipa ya chini na unaenda hospitali kubwa saa hiyo hiyo, kama uko Kisumu ni hospitali ya Jaramogi, ile wanaita Russia, kama uko Eldoret ni hospitali ya rufaa ya Moi, hata kama ni usiku. Ukichelewa kibofu kinaweza kukataa kurudi. Na kuna ile ya polepole, mgongo unauma usiku ukiwa umelala tu, unakonda, joto la mwili jioni, jasho. Huku kwetu hiyo lazima ifikiriwe TB ya mfupa, inapenda sana pingili, na watu wanapakwa dawa ya kuchua miezi mingi huku pingili inaliwa. Dawa za TB ni bure hospitali za serikali. Mtu aliyewahi kuwa na kansa naye akianza kuumwa mgongo asingoje. Na figo, kwa wale wa figo, uchungu wake hukaa juu, chini ya mbavu upande mmoja, mara nyingi na homa au mkojo kuchoma, hauji kwa sababu umeinama kuokota kiatu.

Kama huna hayo, wewe tembea. Kulala wiki nzima ndio ushauri wa zamani, siku hizi wanasema kama ni lazima basi siku moja mbili halafu uamke, kidogo kidogo, hata kama inauma kiasi. Maji moto yanasaidia misuli. Ile sindano ya diklo, dawa ya maumivu ya kwa kemisti, inatuliza, nimedungwa, lakini kila wiki kila wiki itakupa vidonda vya tumbo na ibane figo, hapo sasa ndio yule daktari wa kwanza atakuwa amesema ukweli. Mtoto kukukanyaga mgongo, kama ni uchovu sawa, kama mguu una ganzi mwambie ashuke. Na godoro! Nimeambiwa nilale sakafuni na watu ambao wao wenyewe wanalala kwa springi. Mwaka wa 2003 huko Uhispania watu 313 wenye maumivu ya kiuno waligawiwa magodoro, wengine magumu kabisa wengine ya wastani, na wa wastani ndio walipata nafuu zaidi. Mimi yangu niliitoa sakafuni siku hiyo hiyo nilipoambiwa.

Hata diski iliyopasuka kweli, wengi wanapata nafuu kwa wiki 6 mpaka 12 bila kisu, kwa sababu mwili unatuma askari wake wanakula ule ute uliotoka, na ajabu ni kwamba ule uliotoka nje kabisa ndio unaliwa vizuri kuliko ule uliovimba tu. Operesheni ipo, ni nzuri kwa mtu mguu umemtesa miezi na picha inakubaliana na mguu. Uholanzi mwaka wa 2007 walilinganisha, waliopasuliwa mapema walipoa haraka, lakini mwaka ukiisha wote walikuwa sawasawa, na kati ya wale walioambiwa wangoje karibu 4 kati ya 10 walikuja kupasuliwa baadaye. Kwa hivyo ni wewe na uchungu wako na mfuko wako mnaamua, pamoja na daktari.

Shemeji aliniuliza mwisho kama anaweza kurudi kupakia. Fizio wa huko kwao amemwambia ndiyo, aanze na mafungu madogo na asitupe akiwa amejipinda, asogeze miguu kwanza ndio atupe, na kati ya trela na trela atembee badala ya kukaa chini ya mti. Alilalamika kidogo kwamba mnyapara hatakubali mafungu madogo. Hiyo nimemwambia aongee na mnyapara, MRI haiwezi kumsaidia hapo.