Nilivyoachana na mstari wa siku

Kila Januari nilikua naanza Mwanzo 1 na ratiba ya kumaliza Biblia nzima kwa mwaka, na kila mwaka nilikua nafia Walawi. Najua siko peke yangu. Hesabu yenyewe ukiiangalia haitishi, sura 1,189 gawa kwa siku 365 ni sura tatu na ushee kwa siku, unajiambia hiyo mbona dakika kumi na tano tu, halafu unafika Walawi 13 yenye mistari 59 ya kuhani kukagua ngozi za watu, madoa, vipele, nywele zimegeuka rangi gani, unaruka siku moja, unaruka ya pili, unakuja kushtuka ratiba inakudai sura kumi na kitu na mimi deni likifika hapo huwa nalikimbia tu.

Basi nikawa nimebaki na ule mstari wa siku unaoletwa na apu asubuhi. Unausoma jicho moja bado limefumba, unaupenda, unaubandika stetasi, imeisha hiyo. Kiukweli nilikua naona kama nasoma Biblia kumbe nasoma vipande.

Nilichokuja kustuka nacho ni Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani na tumaini. Huo mstari nimeutumia kwenye kila jambo, usaili wa kazi, mahusiano, mitihani, kila kitu. Siku moja sijui ilikuaje nikaamua kusoma sura yote toka juu, nikakuta kumbe ni barua, imetumwa kwa watu waliochukuliwa mateka wakapelekwa Babeli, na inawaambia wajenge nyumba wakae, wapande bustani, waoe na kuozesha, tena wauombee amani mji huo huo uliowateka. Mstari wa 10, yani wa juu yake kabisa, unasema miaka 70. Sabini! Sasa mfikirie mtu wa miaka arobaini amekaa pale anasikiliza barua inasomwa, anapiga hesabu kichwani anajua kabisa huko nyumbani yeye harudi. Na kwa huyo ndo yanasemwa mawazo ya amani. Mwanzoni nilikasirika, nikajiona kama nilidanganywa, ila hakuna aliyenidanganya, mimi mwenyewe ndo sikuwahi kupandisha jicho mstari mmoja juu.

Toka hapo nasoma kitabu kimoja kizima, kikiwa kifupi nakimaliza hapo hapo. Hizi namba za sura na mistari hazikuwepo kwenye maandiko ya mwanzo, sura tulizonazo anatajwa Stephen Langton, askofu mkuu wa Canterbury Uingereza, miaka ya 1200, na namba za mistari ya Agano Jipya ni za Robert Estienne mwaka 1551, mpiga chapa. Zinasaidia kutafuta, sikatai. Ila Filemoni ina mistari 25 tu na ukiisoma kwa pumzi moja unasikia Paulo anambembeleza rafiki yake Filemoni ampokee Onesimo, mtumwa wake, halafu mwishoni anaongezea na mimi uniandalie pa kufikia. Na 2 Timotheo, Paulo yuko kifungoni anaomba aletewe joho aliloliacha Troa na vitabu, na Timotheo ajitahidi afike kabla ya baridi. Hilo joho lilinigusa kuliko mahubiri mengi, mzee anasikia baridi jamani.

Nasoma kwa sauti pia. Najiona mjinga kidogo, lakini Wakolosai 4:16 inaagiza barua isomwe kanisani kisha wabadilishane barua na kanisa la Laodikia, kwa hiyo wengi waliipokea kwa masikio, na ukisikia sauti yako huwezi kuteleza juu ya maneno unayoyajua.

Sio kwamba sasa hivi kila siku nainuliwa. Mipaka ya makabila kwenye Yoshua imenilaza mara mbili. Waamuzi 19 nilifunga nikakaa wiki nzima sijagusa, ile habari ya yule mwanamke aliyebakwa usiku kucha haina pa kuishika na sipendi wanaoirukia haraka kuifanyia somo. Zaburi 88 nayo inaishia gizani, nilisubiri ule mgeuko wa furaha mwishoni kama zaburi zingine, haukuja, na kuna usiku ambao hiyo ndo niliitaka.

Juzi nilisoma Yona, sura nne. Utotoni tuliambiwa habari za samaki, hatukuambiwa kwamba mwishoni mwenzetu amekaa nje ya mji kanuna kwa sababu Ninawi haijaangamizwa, na Mungu anamuuliza kwani asiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000 na wanyama wengi pia. Nikafunua ukurasa nione Yona kajibu nini, nikakuta Mika.