Kuokoa vyeti na picha za majirani baada ya mafuriko: uzoefu wangu wa kazi ya makumbusho

Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, likijaa, watu wa Jangwani na Kigogo hutoa watoto kwanza, halafu godoro. Leseni ya makazi, vyeti vya kuzaliwa na picha za arusi hubaki kabatini vikilowa. Hapo ndipo makumbusho yanaweza kumfaa jirani kweli, maana kushughulikia karatasi iliyolowa ndiyo kazi yetu.

Maandalizi nayafanya kabla ya masika, pamoja na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na wajumbe wa mashina. Tangazo lao watu huliamini kuliko bango letu. Tunapanga kituo cha kupokea na kukaushia vitu kiwe wapi (kivuli, bomba, pasipofikiwa na maji) na friza ya nani itatumika kugandishia vitakavyozidi. Wauza samaki ndio wenye friza kubwa, nao hukubali wakiambiwa mapema.

Kwa joto la Dar es Salaam kuvu huanza kuota ndani ya saa 48 hivi, kwa hiyo mapokezi yawe mafupi: jina, simu na idadi ya vitu, kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu nyingi huchuja. Glovu ni lazima, maana maji yale yamechanganyika na ya vyoo.

Picha za karatasi zinasuuzwa kwenye mabeseni matatu ya maji safi ya baridi. Shika kingo tu, usisugue, kisha laza sura juu kwenye chandarua kilichowambwa. Zilizogandana usizibandue kwa nguvu, utang'oa sura ya mtu. Ziloweke mpaka ziachane zenyewe. Zikikauka zimeshikana, mara nyingi ndiyo basi.

Hati yenye mhuri au mwandiko wa wino usiitie majini kabla ya kugusa pembe moja kwa pamba iliyoloweshwa maji. Pamba ikipata rangi, acha. Ikaushe kwa feni isiyoielekea moja kwa moja, juu ya karatasi nyeupe zinazobadilishwa kila zikilowa. Gazeti huachia wino, na jua hukunja na kufifisha.

Cheti cha laminesheni ndicho kinachodanganya wengi. Maji hupenya pembeni, hayatoki, na kuvu huotea ndani. Kata ukingo kwa wembe, mbali na maandishi, hewa iingie.

Mzigo ukizidi mikono, funga mafungu membamba kwa nailoni, gandisha, kisha yeyusha machache machache.

Jambo moja silegezi: makumbusho hayaombi kitu wakati huo. Ukiona picha ya zamani ya Kariakoo inayokosekana kwenye hifadhi yako, nyamaza. Mtu aliyepoteza nyumba hawezi kukataa kwa uhuru. Hata kuipiga picha nasubiri miezi ipite na mwenyewe aridhie. Visivyochukuliwa vibaki kwetu kwenye boksi kavu, na orodha yake apewe mjumbe, kwa sababu waliohamia kwa ndugu hurudi kuuliza kwake kwanza.