Bakora ya Babu na mkono wa kushoto

Nyumba ya pili kutoka kwetu, hapa Mbagala, anaishi mzee ambaye mtaa mzima tunamwita Babu. Kila jioni, kabla ya adhana ya magharibi, hupita mbele ya kibaraza chetu akienda msikitini, kanzu imenyooka kwa pasi, bakora mkono wa kulia. Kwa miezi kadhaa nilikuwa namtazama na roho inaniuma. Nyonga yake mbovu ni ya kulia, na bakora nayo iko kulia. Kila akikanyaga mguu ule, bega linashuka na kiwiliwili kizima kinalalia upande huo kama mnazi uliozoea kusi, halafu anajiinua tena apate hatua nyingine.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, wale ambao wagonjwa hutuita madaktari wa mazoezi. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutazama watu wanavyotembea, wanavyoinuka kwenye kiti, wanavyonyanyua ndoo. Elimu iliyo chini ya kazi hiyo inaitwa biomekanika: kuuchunguza mwili kwa sheria zilezile za nguvu na mwendo zinazotawala mkokoteni, mzani wa duka au daraja. Nilipoanza kuisoma Moshi niliogopa, maana fizikia ya sekondari sikuipenda hata kidogo. Siku ya kwanza mwalimu hakuandika chochote ubaoni. Alitusimamisha wote kwa mguu mmoja.

Jaribu na wewe hapo ulipo. Weka kiganja pembeni mwa nyonga ya kulia, chini kidogo ya mkanda, kisha inua mguu wa kushoto. Umesikia nyama ilivyokaza chini ya vidole? Ile misuli ndiyo inayozuia kiuno chako kisidondokee kushoto. Rudisha mguu chini, italegea.

Shule ya msingi tulikariri nyenzo: egemeo, mzigo, jitihada. Sasa egemeo ni kichwa cha mfupa wa paja ndani ya nyonga ya kulia. Mzigo ni mwili wako wote ukitoa mguu uliokanyagia, na uzito wake unashukia kushoto mwa egemeo, tuseme sentimita 10. Jitihada ni ile misuli ya pembeni, nayo imejishikiza karibu sana, kama sentimita 5 tu upande wa pili. Mtu wa kilo 60 akisimama hivyo, mzigo ni kama kilo 50. Kwa kuwa misuli iko karibu na egemeo mara mbili kuliko mzigo, inabidi ivute kilo 100. Na nyonga, iliyo katikati, inazibeba zote: 150. Ni mara mbili na nusu ya uzito wa mtu mzima, na hajabeba hata mfuko wa sukari.

Hizo ni namba za kukadiria, kila mwili una vipimo vyake. Lakini usidhani kusimama kwa mguu mmoja ni jambo la nadra. Katika mwendo wa kawaida kila mguu unakaa chini kama asilimia 60 ya mzunguko wa hatua na kuwa hewani asilimia 40, kwa hiyo miguu yote miwili hukutana ardhini kwa muda mfupi tu. Toka hapa mpaka msikitini Babu anasimama kwa mguu mmoja mamia ya mara. Misuli ile ikichoka, au nyonga ikiuma, kiuno kinaporomoka upande wa pili. Mjerumani Friedrich Trendelenburg, daktari mpasuaji, aliieleza dalili hiyo mwaka 1895, na mpaka leo tunaipima kwa kumsimamisha mgonjwa kwa mguu mmoja, bila mashine yoyote.

Kwamba misuli hufanya kazi kubwa kuliko mzigo wenyewe, kwa sababu imejishikiza karibu na kiungo, alilionyesha Mtaliano Giovanni Alfonso Borelli, ambaye kitabu chake kuhusu mwendo wa viumbe kilichapwa Roma mwaka 1680 na 1681, yeye akiwa ameshafariki. Vijana wa mikokoteni Kariakoo wanalijua jambo hilo kwa mikono yao. Watazame wanavyopanga magunia ya viazi juu ya ekseli: yakisogea mbele, mikono ndiyo itakayobeba, yakizidi nyuma, mkokoteni utamnyanyua mwenyewe. Uzito ni uleule, kilichobadilika ni umbali tu. (Lumbesa, hata hivyo, naichukia kwa moyo wangu wote. Gunia lililovishwa kilemba ili mnunuzi apate zaidi kwa bei ileile, hesabu yake inalipwa na mgongo wa mtu aliyelishusha kwenye lori.)

Na mama anayetoka Feri na beseni la samaki kichwani, juu ya ngata ya kanga, ameuweka mzigo pale pale uzito wa mwili wake unaposhukia. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wanawake wa Kenya, Wajaluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba kwa kamba ya kwenye paji la uso: mzigo wa mpaka asilimia 20 ya uzito wao haukuwaongezea matumizi ya nguvu. Mwaka 1995 ikaelezwa sababu: walipobeba, mwendo wao wa kupanda na kushuka kama timazi inayobembea ulizidi kuwa na ufanisi. Utafiti wa baadaye Afrika Kusini uliona tofauti kubwa kati ya mtu na mtu, kwa hiyo asitokee wa kuniambia kwamba mama zetu hawachoki. Wanachoka. Shingo zao nazishika mimi kila wiki.

Nirudi kwa Babu. Ilinichukua muda kumwambia, maana kumfundisha kutembea mzee wa umri ule si jambo jepesi. Siku moja nikajikaza.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Babu, naomba uniwie radhi. Nyonga inayouma ni ya kulia?"

"Hiyo hiyo."

"Basi bakora ihamie kushoto."

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Bakora hii ni ya marehemu baba. Niishike kwa mkono wa kushoto, watu wanione?"

Nikamchorea kwenye mchanga. Mkono wa kushoto uko mbali na nyonga ya kulia, kama sentimita 40. Ukiegemea bakora kwa kilo 6 tu, kwa umbali huo unaondoa karibu nusu ya kazi ya misuli, na nyonga iliyokuwa ikibeba 150 inabaki na 96 hivi. Mkono wa kulia uko nje ya egemeo, upande wa misuli. Ukisukuma huko unazidi kumwangusha mtu kushoto, ndiyo maana inambidi ajilalie kulia.

Hesabu haikumgusa. Kilichomgusa ni nilipomwambia, "Na mkono wa kulia utabaki huru, Babu, kuwapa watu mkono pale msikitini." Akanyamaza. Akaihamisha.

Hatua za kwanza zilikuwa ngumu, bakora ikienda na mguu wa kushoto. Tukarudia mpaka mwembeni na kurudi: bakora na mguu wa kulia zitue pamoja. Halafu nikaona tatizo jingine. Mpini unatakiwa ufike kwenye kifundo cha mkono mtu akiwa amesimama wima, mikono imening'inia, na hii ilimzidi. Baba yake alikuwa mrefu. Kuikata, akakataa katakata, nami sikumlazimisha.

Siku ya tatu alimtuma mjukuu wake kwa seremala. Zilikatwa inchi mbili, na fundi viatu akavisha mwisho wake kipande cha tairi kuukuu isiteleze. Kile kipande cha mti kilichokatwa Babu amekifunga kwenye kitambaa, kiko kabatini. Nyonga haijapona, haiwezi kupona kwa bakora, na picha ya hospitali bado nimemsisitizia aende akapige.

Jana nilikuwa kibarazani nachambua mchele nikamsikia kabla sijamwona. Zamani ilikuwa bakora, kisha mguu, kisha kiatu kikiburuzwa. Sasa zinatua pamoja, tap, halafu mguu wa kushoto peke yake. Bega bado linashuka, ila kidogo. Alipofika usawa wetu akaninyooshea mkono wa kulia.