Mguu wa Nne wa Kigoda cha Jaja

Kigoda alichoniachia jaja wangu (ndivyo Waganda wanavyomwita babu au bibi) wa Masaka kina miguu mitatu. Mwezi uliopita nilikipiga picha moja kwa simu nikiwa barazani kwangu Kampala, nikaipa picha hiyo programu iliyofunzwa kujenga umbo la vipimo vitatu kutokana na picha moja tu. Umbo lililorudi lilikuwa na miguu minne, yote imenyooka na kupangwa sawasawa kama ya kiti cha ofisini. Katika picha yangu ilionekana miguu miwili, na wa tatu ulikuwa umejificha nyuma. Mguu wa nne kompyuta haikuuona popote, iliujua tu.

Iliujua kutoka wapi? Mitandao ya neva ya aina hii, yaani programu zinazojifunza kutokana na mifano, hujifunza kwa kuonyeshwa maelfu ya maumbo yaliyoundwa kwenye kompyuta, na hazina ambayo watafiti wameitegemea sana tangu mwaka 2015 ni ShapeNet, ambayo sehemu yake kuu ina maumbo yapatayo 51,000 katika makundi 55, viti na meza vikiwa tele. Modeli iitwayo 3D-R2N2, ya mwaka 2016, iliigawa nafasi katika visanduku vidogo 32 kwa 32 kwa 32, yaani 32,768, kisha ikakadiria kwa kila kimoja kama kimejaa au ni kitupu. Visanduku vya upande wa mbele hujibiwa kwa kutazama picha, lakini vya upande wa nyuma hujibiwa kwa mazoea, kwa kuwa hakuna cha kutazama. Mwaka 2019 kikundi cha watafiti kilionyesha kwamba modeli kadhaa zilizosifiwa wakati huo hazikushinda mbinu rahisi ya kutambua kitu kilichomo pichani na kuchukua hazinani umbo linalofanana nacho. Kwa maneno mengine, zilikuwa zikikumbuka zaidi kuliko zilivyokuwa zikijenga.

Nimekitaja kigoda kwa sababu kosa hilohilo nimelikuta katika kazi ninayoishughulikia zaidi, ya kuifanya kompyuta ieleze picha kwa Kiswahili, na huko ni gumu zaidi kuligundua. Mfumo uliotangazwa na watafiti wa Google mwishoni mwa mwaka 2014 uliweka msingi ambao bado unafuatwa kwa kiasi kikubwa: mtandao mmoja huibana picha iwe safu ya namba, na mtandao wa pili huzipokea namba hizo na kutoa sentensi neno baada ya neno, kila neno likichaguliwa kwa kuzingatia picha pamoja na maneno yaliyokwisha kutamkwa. Hayo maneno yaliyokwisha kutamkwa ndiyo yenye hatari, hasa katika lugha yetu yenye ngeli. Niliipa modeli picha ya sigiri, lile jiko letu la mkaa, likiwa limewekwa juu ya kibao nje ya kibanda cha chapati, nayo ikaandika: "Ndoo imewekwa juu ya meza." Jiko lingedai "limewekwa", lakini ndoo ilidai "imewekwa", na modeli ikatii bila kusita. Nomino ya kwanza ikishakosewa, upatanisho wa kisarufi hulifuata kosa kwa uaminifu mpaka nukta, na msomaji asiyeiona picha husikia sentensi safi kabisa.

Kuna pia makosa ya kunyamaza. Bodaboda aliyebeba mikungu mitatu ya matoke karibu na soko la Nakasero alielezwa kuwa "mwanamume anayeendesha pikipiki barabarani". Hakuna neno la uongo hapo, ila mtu yeyote wa Kampala angeanza na matoke. Hazina ya COCO, iliyotolewa mwaka 2014 na kutumiwa kufunza modeli nyingi, ina picha zaidi ya 120,000 zenye maelezo matano kila moja, yote kwa Kiingereza. Ndizi zimo, pikipiki zimo, lakini desturi ya kusafirisha mikungu kwa pikipiki si jambo ambalo waandishi wake walikutana nalo kila asubuhi. Kiswahili kimo katika mkusanyiko wa picha 3,600 uliotolewa mwaka 2022 kwa lugha 36, lakini huo ulikusudiwa kuzipima modeli, si kuzifunza. Kwa hiyo nimeanza kuandika maelezo yangu mwenyewe, picha kwa picha. Kazi ya namna hii inawezekana hapa: picha 21,367 za majani ya muhogo zilizotumiwa katika shindano la kimataifa la mwaka 2020 zilikusanywa Uganda, nyingi zikipigwa na wakulima wenyewe.

Tofauti kati ya kupima na kukisia huonekana vizuri zaidi Kasubi, hapa Kampala. Jumba kuu la makaburi ya makabaka, wafalme wa Buganda, lilipimwa kwa miale ya leza mwaka 2009, na Machi 2010 likateketea kwa moto. Vipimo vile vilitokana na jumba lenyewe. Lau tungekuwa na picha moja tu na modeli iliyozoea majengo ya kwingine, ingetupatia paa safi la duara lisilokuwa la mtu yeyote.

Basi nilikirudia kigoda kwa njia nyingine, ile iliyotangazwa mwaka 2020 kwa jina la NeRF, ambayo haina kumbukumbu ya viti vingine: mtandao wake hufunzwa kwa kitu kimoja tu, kutokana na picha nyingi zilizopigwa kukizunguka, mpaka uweze kutaja rangi ya kila nukta ya nafasi na kiasi inavyozuia mwanga. Nilipiga picha arobaini. Mguu wa tatu ulijitokeza mahali pake, umepinda kidogo kama ulivyo, na wa nne haukuwapo. Chini ya kikalio palibaki ukungu wa kijivu, kwa sababu sikuwa nimekipindua. Jioni nilikipindua, nikakuta alama ya kisu ambayo sikuwahi kuiona, nikaanza kupiga picha upya.