Kirusi cha shotikati kinachorudi: mzizi wake ulikuwa kwenye WMI

Hatimaye kompyuta iliyokuwa na kirusi cha shotikati, kile kinachoficha mafaili ya flashi na kuweka shotikati za uongo badala yake, imekubali kusafika. Flashi tupu imechomekwa, ikaachwa, ikachomolewa, ikachomekwa tena, na haijazaa shotikati hata moja. Mashine ni ya mezani, Windows 10, RAM GB 4, inayopokea flashi kutoka kila stesheneri ya mtaani. Lengo lilikuwa kuisafisha bila kupiga Windows upya, kwa sababu ina programu ya uhasibu ambayo leseni yake haipatikani tena.

Sehemu ya kufuta haina mengi. Ua wscript.exe (programu ya Windows inayoendesha skripti) kwenye Task Manager, futa skripti ya .vbs, rudisha mafaili yaliyofichwa. Ila ukiandika attrib -h peke yake itagoma na kukujibu “Not resetting system file”, kwa kuwa kirusi hiki huweka na alama ya mfumo. Zitoe zote kwa mpigo (E: hapa ni flashi):

attrib -h -s -r /s /d E:\*

Folda ya System Volume Information itakayojitokeza hapo si kirusi, iache. Tena usijisumbue kuwasha mipangilio ya kuonyesha viambishi vya majina ukitegemea kuiona .lnk, kiambishi cha shotikati. Windows huificha hata hapo, kwa sababu aina hiyo ya faili ina thamani ya NeverShowExt kwenye rejistri. Fungua cmd, andika dir /a, zote zitaonekana. Ukibofya Properties kwenye shotikati, sehemu ya Target nayo haiaminiki: inaonyesha herufi 260 tu, na wajanja hujaza nafasi tupu mwanzoni ili amri yenyewe iangukie nje ya hapo. Hii yetu haikujificha kiasi hicho. Ilikuwa cmd.exe /c start wscript, jina la skripti, kisha start explorer na jina la folda halisi. Ndiyo maana mtu anabofya “Picha”, picha zinafunguka kama kawaida, wala hashtuki.

Kazi ilikuwa kwenye kurudi. Skripti ilikuwa inazaliwa upya ndani ya C:\ProgramData, na nakala yake kwenye Startup ya watumiaji wote. Funguo za Run kwenye rejistri (ndimo Windows inamoorodhesha programu za kuanza zenyewe), za HKCU na za HKLM, zilikuwa safi. Task Scheduler haikuwa na kitu. Na haikuwa inarudi wakati wa kuwasha kompyuta. Mashine ingeweza kukaa mchana kutwa imetulia, ukichomeka flashi tu, hiyo hapo.

Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, ilikuwa kimya, na kimya chake kina sababu inayofaa kuangaliwa kabla ya kuilaumu. Fungua PowerShell kama msimamizi (usipofanya hivyo itakujibu N/A badala ya orodha), kisha:

Get-MpPreference | Select-Object Exclusion*

Hapo palikuwa na C:\ProgramData nzima, imewekwa kwenye orodha ya vitu visivyoguswa. Remove-MpPreference -ExclusionPath 'C:\ProgramData' ikaiondoa. Kuanzia hapo Defender ikawa inakamata, kirusi kinarudi, inakamata tena, kinarudi tena. Afadhali kidogo, lakini huo ni ulinzi wa getini wakati mwizi ana chumba ndani.

Swali la kuuliza kwenye hali hii ni nani aliyeizaa wscript. Mzazi akiwa explorer.exe, tafuta kwenye Run au Startup, au kuna mtu amebofya shotikati. Akiwa svchost.exe, anza na Task Scheduler. Task Manager ya kawaida haikupi jibu hilo. Process Explorer, zana ya Microsoft ya kupakua kando, inakupa, ila mchakato huu unaishi muda mfupi kuliko jicho lako. Ukiitumia, ingia Options, Difference Highlight Duration, panda hadi sekunde 9. Mimi nilihamia Process Monitor: washa kurekodi, chomeka flashi, subiri, zima, kisha Ctrl+T. Mti wa michakato unabaki na hata iliyokwisha kufa.

Mzazi alikuwa powershell.exe, na mzazi wa huyo ni WmiPrvSE.exe, akiendeshwa na NT AUTHORITY\SYSTEM. Hapo mambo yakawa wazi. WMI, sehemu ya Windows ya kusimamia na kufuatilia mfumo, ina utaratibu wake halali wa kusema “tukio fulani likitokea, endesha amri fulani”, na usajili huo hukaa ndani ya hazina yake, C:\Windows\System32\wbem\Repository. Usajili wenyewe hauna faili lake la kirusi la kufuta kwenye diski. Amri za kuchungulia ni hizi:

Get-CimInstance -Namespace root\subscription -ClassName __EventFilter | fl Name,Query

Get-CimInstance -Namespace root\subscription -ClassName CommandLineEventConsumer | fl Name,CommandLineTemplate

Kichujio kimoja kilikuwa SCM Event Log Filter. Hicho ni cha Windows yenyewe, usikiguse. Cha pili kilikuwa na jina la kujifanya kisasisho, na swali lake likijieleza lenyewe:

SELECT * FROM Win32_VolumeChangeEvent WHERE EventType = 2

Namba 2 ni kuwasili kwa kifaa. Flashi ikichomekwa, amri inakimbia. Amri yenyewe ilikuwa powershell -w hidden -enc na mkia mrefu wa Base64 (maandishi yaliyosimbwa). Usiiendeshe kujaribu, igeuze kuwa maandishi tu, ukikumbuka kwamba PowerShell hutumia usimbaji wa herufi wa UTF-16LE, la sivyo utaona herufi zenye mapengo katikati. Ndani yake ilikuwa inasoma thamani moja ya rejistri chini ya HKLM\SOFTWARE na kuiandika upya kama .vbs. Kwa hiyo ukifuta usajili wa WMI ukaacha thamani hiyo, umebakiza mbegu.

Mpangilio wa kufuta: kwanza kiungo kinachounganisha kichujio na amri (__FilterToConsumerBinding), kisha CommandLineEventConsumer, kisha __EventFilter, kila kimoja kwa kukichuja kwa jina na kukipitisha kwenye Remove-CimInstance. Halafu thamani ya rejistri, halafu skripti zote mbili. Angalia na ActiveScriptEventConsumer, na urudie ukaguzi wote kwenye root\default, maana usajili unaweza kukaa huko pia. Wengine hushauri winmgmt /resetrepository. Inafanya kazi, lakini inafagia na usajili wa programu nyingine zilizojiandikisha kihalali. Ni kubomoa ukuta ili kumpata mjusi.

Autoruns, zana ya Microsoft inayoorodhesha vitu vinavyojiendesha, ina kichupo cha WMI na ningeanzia hapo mashine nyingine. Kwa usalama uondoe tiki ya Hide Microsoft Entries, kwa sababu wscript.exe na powershell.exe zina saini halali ya Microsoft, na kirusi cha aina hii kinapanda mgongo wao. Zile programu ndogo za “kufuta shotikati” zinazozunguka kwenye flashi za mafundi sioni faida yake: zinafanya attrib na del, basi, na nusu yake hujui zimetoka wapi.

Chanzo? Event Viewer, Microsoft-Windows-WMI-Activity/Operational, namba 5861, ndipo usajili wa kudumu unapoandikwa. Saa yake ililingana na ya faili moja kwenye Downloads: kikrakishi (programu ya kuvunja leseni) cha Office, vile vinavyokuomba uzime Defender kwanza. Haki ya usimamizi ilitolewa kwa kubofya Yes.

Kufuli la mwisho: HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows Script Host\Settings, DWORD ya Enabled, thamani 0. Sasa .vbs yoyote ikibofywa inakataliwa. Gharama yake ni kwamba slmgr nayo ni .vbs, hivyo ukitaka kuangalia uanzishaji wa Windows itabidi urudishe 1 kwa muda.

Mpango ulikuwa kuendelea na DISM na sfc, zana za kukarabati mafaili ya Windows, kisha kushughulikia uwashaji unaochukua muda mrefu. Umewekwa kando, maana kuna wazo bora: laptopu kuukuu yenye Linux Mint iwe kituo cha karantini. Kila flashi ipitie huko kwanza. Linux haiendeshi .lnk, haijali alama ya kufichwa ya FAT32 (mfumo wa mafaili wa flashi), na ukinakili mafaili kwenda ext4, ule wa Linux, alama hizo zinapotea zenyewe, hivyo attrib haihitajiki. Hata ile folda yenye jina tupu, ambayo jina lake ni nafasi isiyovunjika na iliyotumiwa sana na kirusi cha Andromeda kabla mtandao wake wa kompyuta zilizoambukizwa haujavunjwa 2017, inafunguka kwa cd $'\u00a0' bila mizengwe.

Kinachoendeshwa kwa sasa, ndani ya flashi:

find . -type f \( -iname '*.lnk' -o -iname '*.vbs' -o -iname '*.vbe' -o -iname '*.wsf' \) -print

Orodha ikisomwa na kuridhisha, -print inabadilishwa kuwa -delete, palepale mwishoni. Ukiitanguliza -delete, find inafuata mpangilio ulioandika na kufagia kila kitu. Mafaili ya .js hayamo kwa makusudi. Wapo wanafunzi wanaoleta miradi ya tovuti, na folda moja ya node_modules ina maelfu ya .js halali, hizo nataka zikaguliwe tu zikiwa kwenye mzizi wa flashi, kwa -maxdepth 1, na skripti ya kufanya hivyo bado haijakaa sawa.