GTA VI ije na CD yake

Tarehe ya kutoka gemu ya GTA VI mnaijua wote: Novemba 19, 2026. Rockstar, watengenezaji wake, waliitangaza Novemba 6, 2025, wakaifuta ile ya Mei 26, ambayo nayo ilikuwa imechukua nafasi ya ahadi ya 2025. Hapa kibandani kwangu, Ngamiani mjini Tanga, habari ilifika kwenye simu ya kijana aliyekuwa anasubiri zamu. Akaisoma kwa sauti, na mechi iliyokuwa inaendelea ikasimamishwa. Anayejua sheria ya vibanda vya gemu, kwamba anayefungwa anapisha, ataelewa uzito wa jambo hilo.

Tangu hapo kila jioni ni mjadala. Itauzwa bei gani? Itaahirishwa tena? Leonida, hilo jimbo la kubuni lililochorwa kwa mfano wa Florida, lina ukubwa gani? Kuna wachezaji duniani wanaochora ramani ya gemu ambayo haijatoka, wanaunganisha picha za trela na zile zilizovuja, na vijana wangu wanaikuza kwenye simu mtaa kwa mtaa. Mimi nawasikiliza, nachangia, lakini swali langu ni jingine, na naona halipewi nafasi inayostahili. Tukifungua kasha la GTA VI, ndani tutakuta CD?

Nauliza kwa sababu ya tetesi. Inasemwa kwamba siku ya kwanza gemu itauzwa kwa kupakua mtandaoni tu, CD zifuate baadaye, ili hadithi isivuje. Rockstar wenyewe hawajatangaza hivyo, na ninaomba isiwe kweli. Ila naelewa hofu inatoka wapi. Septemba 2022 kijana mmoja wa Uingereza aliingia kwenye mitambo yao akamwaga mtandaoni video zipatazo 90 za gemu ikiwa bado inajengwa. Desemba 2023 trela ya kwanza nayo ikavuja kabla ya saa yake, wakalazimika kuiachia mapema. Na CD zina tabia yake: zinachapwa wiki kadhaa kabla, zinasafirishwa, zinalala maghalani. Akitokea mtu mmoja akachana kasha moja, mwisho wa hadithi umeshaenea dunia nzima. Tena si jambo geni. Alan Wake 2 ilitoka Oktoba 2023 kwa kupakua tu, CD yake ikaja mwaka mzima baadaye.

Kwa mchezaji mwenye intaneti ya waya nyumbani na kadi ya benki, huo ni usumbufu tu. Hapa kwetu Tanga, CD ndiyo inayofanya gemu mpya ziweze kufika.

Nieleze inavyokwenda, maana hata baadhi ya wateja wangu hawajui. Gemu mpya ikitoka, naagiza Kariakoo. Muuzaji anaifunga kwenye bahasha, anaikabidhi kwenye basi, nami naipokea stendi ya Kange. Miezi ya kwanza inafanya kazi kibandani: mpira tunalipisha kwa mechi, gemu za hadithi kwa nusu saa au saa nzima. Watu wakishaichoka, naiuza. Pesa ile ndiyo nusu ya gemu inayofuata. Aliyeinunua kwangu anaicheza, anaiuza au anabadilishana na mwenzake. Ninaijua CD ya FC 24, gemu ya mpira, iliyotoka kwangu ikaenda Makorora, ikahamia Chumbageni, na mara ya mwisho nilisikia iko Muheza. Kila aliyeigusa alilipa kidogo kuliko aliyemtangulia. Yule wa Muheza aliipata kwa bei ambayo mwanafunzi anaweza kuichanga.

Sasa lete gemu ya kupakua. Kwanza, PlayStation Store, duka la Sony la kupakua gemu mtandaoni, haina Tanzania. Ukifungua akaunti unatakiwa kuchagua nchi, na yetu haimo kwenye orodha. Ndiyo maana wachezaji wa hapa wanatumia akaunti za Marekani au Uingereza na kununua kadi za kuweka salio kwa watu wa kati, kila mtu akikata chake. Pili, gemu kubwa za siku hizi zinavuka GB 100, na kibanda kama changu kinakula bando la simu. Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, gemu ile imefungwa kwenye akaunti. Siwezi kuiuza. Haifiki Makorora, haifiki Muheza, na nusu ya gemu inayofuata haipatikani.

Ndiyo maana mjadala wa bei haunitishi kama unavyowatisha wengine. Mwaka 2025 wachambuzi walisema baadhi ya watu kwenye biashara hii wanatamani GTA VI iuzwe dola 80 mpaka 100, na Nintendo wakafungua mlango Juni mwaka huo huo kwa kuuza Mario Kart World karibu dola 80. Vijana walipiga kelele, na wana haki. Lakini gemu ya dola 80 ikiwa kwenye CD, mtaa mzima unaibeba, kila mmoja kwa kadiri yake. Ikiwa kwenye akaunti, mzigo wote unabaki kwa mtu mmoja.

Hoja kwamba gemu ni kubwa mno haitoshi kwenye CD siikubali, na ninao ushahidi wa Rockstar wenyewe. Red Dead Redemption 2 ilipokuja Oktoba 2018 kwenye PS4, mashine ya PlayStation iliyoitangulia PS5, kasha lilikuwa na diski mbili: ya kwanza ya kuingiza data, ya pili ya kuchezea. PS5 inasoma diski za mpaka GB 100 kila moja. Wakiweka mbili tunapokea, wakiweka tatu tunapokea. Basi litazileta zote bila nauli kuongezeka.

Kinachonitia wasiwasi kuliko kukosa CD kabisa ni CD ya jina tu. Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022 ilikuja na diski ya PS5 iliyobeba megabaiti chache, gemu yenyewe ukaishushe mtandaoni. Nintendo Switch 2, mashine iliyotoka Juni 5, 2025, nayo ina kadi ambazo ndani hazina gemu, zina ruhusa tu ya kuipakua. Unaweza kumwazima au kumuuzia mwenzako, hilo nalishukuru, lakini yeye naye lazima apakue upya. Wachezaji wengi wa Ulaya na Marekani wamezilalamikia. Nilifarijika kuona kwamba hata wenye intaneti nzuri wanataka kushika kitu kilichokamilika mkononi.

Na kulalamika kunafaa. Mei 2024 Sony walitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti za PSN, yaani mtandao wa PlayStation, wakati nchi nyingi, yetu ikiwemo, hazina huduma hiyo. Watu wakaijaza gemu maoni mabaya kule Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, siku chache tu Sony wakaliondoa sharti lao. Wengi waliopiga kelele walikuwa na PSN nchini kwao. Walisema kwa ajili ya wasio nayo, nami sijalisahau hilo.

Kuhusu kuahirishwa, sina ugomvi na Rockstar. GTA V yenyewe ilitakiwa itoke majira ya kuchipua ya 2013, ikaja Septemba 17, na mpaka leo imeuza nakala zaidi ya milioni 200. Red Dead 2 ilisogezwa mara mbili kama hii. Aliyenunua Cyberpunk 2077 kwenye PS4 Desemba 2020 anajua haraka inaleta nini: ilitoka ikiwa mbovu kiasi kwamba Sony waliiondoa dukani kwao kwa karibu nusu mwaka. Mchezaji mwenye intaneti ya uhakika aliletewa marekebisho moja baada ya jingine. Mwenye CD na bando la wiki alibaki na kilichokuwa kwenye diski. Kwa hiyo wachelewe, waikamilishe, waichape ikiwa nzima.

Nina sababu yangu nyingine ya kuisubiri. Tangu GTA III ya 2001, gemu zote kubwa za mfululizo huu zimeongozwa na wanaume. Safari hii kuna Lucia Caminos, pamoja na Jason Duval, na trela ya kwanza ilianza naye, akiwa gerezani. Mimi ni mwanamke ninayeendesha kibanda cha gemu, na wasichana wanaoingia hapa wengi wanakuja na kaka zao, wanakaa benchi la nyuma, wanaangalia. Trela ya pili ilipotoka Mei 2025 mmoja wao aliomba nimrudishie tena kipande cha Lucia, kisha akauliza, "Dada, huyu tutamchezesha sisi?" Nikamwambia ndiyo. Nataka siku gemu ikifika, pedi ya kwanza aishike yeye, kijana yeyote asinibishie.

Mashine sasa. GTA VI haiji PS4. Imetajwa kwa PS5 na Xbox Series X na S peke yake, na Xbox Series S haina sehemu ya CD, kwa hiyo kwangu imejitoa. PS5 Pro nayo, iliyotoka Novemba 2024 kwa dola 700, inakuja bila sehemu ya CD, unainunua pembeni. Ninayoichangia ni PS5 ya kawaida, nyembamba, yenye mlango wa diski tayari. Wanaofikiria kununua ile isiyo na mlango wakaongeze baadaye wajue kwamba kifaa hicho ukikifunga mara ya kwanza kinadai intaneti ili kitambuliwe na mashine. Na msisubiri bei ishuke kama zamani. Agosti 2025 Sony waliongeza dola 50 kule Marekani, na tangu mwishoni mwa 2025 bei za memori zimepanda kwa sababu vituo vya kompyuta za akili bandia vinazinunua kwa wingi. Mashine zetu zinatumia memori hizo hizo.

Pamoja na GTA yote hiyo, kinacholipa LUKU hapa ni mpira. FC 26 ilipotoka Septemba 2025 bado iliwekwa kwenye PS4, na vibanda vingi vya Tanga vinaishi kwa PS4. Je, FC 27 itakuja? EA, wanaoitengeneza, hawajasema, nami naangalia historia. PS3 ilitoka 2006, lakini FIFA 14 ya mwaka 2013 (FC zamani iliitwa FIFA) bado ilikuja kwenye PS2, miaka saba baadaye. PS4 ilitoka 2013, na FIFA 19 ya mwaka 2018 ikawa ya mwisho kwenye PS3, miaka mitano baadaye. PS5 ilitoka 2020, na kwa hesabu ya PS3 tayari tumefika mwisho, kwa ile ya PS2 tumebakiwa na muda kidogo. PS4 zilizouzwa duniani ni nyingi, zaidi ya milioni 100, na hilo linanipa matumaini kwamba EA hawatataka kuwaacha wanunuzi wote hao.

Ombi jingine kwa EA nalirudia kila mwaka. Kwenye gemu zao tulimchezesha Mbwana Samatta akiwa Genk ya Ubelgiji, na kibanda kizima kilitaka Genk, timu ambayo hakuna aliyewahi kuijali kabla yake. Simba na Yanga hawamo. AFCON ya 2027 inachezwa Tanzania, Kenya na Uganda. Kama kuna wakati wa kuwaweka wachezaji wetu kwenye gemu, ni huo. Sisemi waanze na Coastal Union ya hapa Tanga, ingawa Wagosi wenzangu wangenipenda zaidi.

Jana kijana wa Mikanjuni ameniuliza kama auze PS4 yake sasa, kabla bei haijaanguka, aanze kuchangia PS5. Nimemwambia asiuze. EA wameonyesha FC mpya kila Julai kwa miaka mitatu mfululizo, na huwa wanataja mashine zote papo hapo. Julai wakiitaja PS4, anayo mashine ya msimu mzima na muda wa kuchanga taratibu. Wasipoitaja, aje kwangu siku hiyo hiyo, tuuze yake na yangu moja kwa pamoja kwa yule muuzaji wa Kariakoo, maana mzigo wa mashine mbili anauchukua kwa bei nzuri kuliko mmoja.