Siku moja ya kazi: kuwahesabu kenge wa Komodo kisiwani Rinca, Indonesia

Saa 11 alfajiri

Kazi huanza na kisu. Nyama ya mbuzi hukatwa vipande vya nusu kilo, kimoja kwa kila mtego. Utumbo na mabaki hutiwa kwenye mfuko wa kutundika mtini, mita tatu au nne juu, ili harufu isambae bila nyama kufikiwa. Nyama ya jana ni bora kuliko ya leo. Kenge wa Komodo, mjusi mkubwa kuliko wote duniani, hula mizoga, na ulimi wake wa ncha mbili hunasa harufu ya uvundo kutoka kilomita kadhaa upepo ukimwelekea. Kwa sababu hiyo maji ya kuoshea visu hayamwagwi karibu na kambi.

Kulikuwa na wakati kenge wa kisiwani Komodo walilishwa mbuzi mbele ya watalii. Jambo hilo lilikomeshwa mwaka 1994, kwani mnyama anayemwona mtu kama sahani ya chakula hana mwisho mwema. Kusema kweli, mtego wa chambo unapakana na kosa lilelile, ndiyo maana hauachwi mahali pamoja zaidi ya siku tatu.

Saa 12 na nusu asubuhi

Tunaingia bonde la Loh Buaya. Mtego ni sanduku la chuma lenye urefu wa mita 3, upana na kimo sentimita 50, na mlango wa kuporomoka. Chambo hufungwa kwa waya mwishoni kabisa mwa sanduku. Kenge akikivuta, pini inachomoka na mlango unaanguka. Waya ukiwa mfupi, mlango humwangukia mgongoni naye anarudi nyuma na kutoroka. Kijiti kimoja chini ya kizingiti kinatosha kuacha mwanya wa kuingiza kucha, na akishapata mwanya, mlango ni wake.

Lakini kosa baya kuliko yote ni la kivuli. Mgeni wa kazi hutega chini ya mti wenye kivuli kizuri saa 1 asubuhi, akasahau kwamba jua linahama. Kenge wa Komodo hufanya kazi vizuri mwili wake ukiwa na joto la nyuzi 34 hadi 36 za Selsiasi. Hatoi jasho, njia yake ya kupoa ni kujiondoa juani, na ndani ya sanduku hawezi. Chuma kikipigwa na jua la saa 7 mchana, mtego unageuka tanuri. Kwa hiyo tunatafuta mahali kivuli kitakapokuwa mchana, kisha juu tunaezeka matawi yenye majani.

Saa 2 hadi saa 5 asubuhi

Ukaguzi wa kwanza. Waswahili husema kenge hasikii mpaka atoke damu masikioni. Huyu anasikia, ila si sauti zote: nyembamba sana na nzito sana zinampita. Mtego ukiwa na mnyama tunausogelea kutoka upande wa kichwa, kwa kuwa mkia uko upande wa mlango, na mlango ukifunguliwa unaweza kumwangusha mtu mzima.

Hufungwa kitanzi cha kamba shingoni kabla hajatoka, kisha taya zinazungushiwa utepe mpana wa gundi, pua zikiachwa wazi. Miguu ya nyuma inafungwa pamoja juu ya mkia, ya mbele inalazwa ubavuni. Glavu za ngozi si kinga: ana meno takriban 60 yenye kingo za msumeno, na utafiti wa mwaka 2024 ulionyesha kingo na ncha zake zimepakwa tabaka la madini ya chuma. Ile habari ya mate yaliyojaa bakteria za kuua imepitwa na wakati. Tangu 2009 inajulikana ana tezi za sumu kwenye taya la chini, na sumu hiyo huzuia damu kuganda na kushusha shinikizo lake.

Kabla ya kipimo chochote, kisomeo cha chipu kinapitishwa mwilini mzima. Chipu ni kijibomba cha kioo, ukubwa wake kama punje ya mchele, kilichodungwa chini ya ngozi ya mguu wa nyuma. Asipokuwa nayo, anawekewa. Betri ya kisomeo ikiwa dhaifu, kenge wa zamani ataandikwa kuwa mpya na hesabu ya kisiwa itavimba bila sababu, kwa hiyo chipu ya majaribio husomwa kila baada ya mtego.

Kisha: urefu wa kichwa kwa kalipa (kipimo chenye taya mbili), urefu kutoka puani hadi tundu la haja, mkia peke yake (wengi wamepoteza ncha), mzunguko wa shina la mkia ambako mafuta hutunzwa, na uzito kwa mizani ya kutundika. Jinsia hatuandiki kwa kukisia umbo. Damu kidogo kutoka mshipa wa mkia itatoa jibu maabara.

Kumwachia huanza na miguu. Utepe wa taya huondolewa mwisho, kichwa kikiwa kimeelekezwa vichakani.

Saa 6 mchana

Mapumziko, yetu na yao. Hesabu zinaingizwa daftarini. Mwaka 2021 kenge wa Komodo alipandishwa katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira asilia, kutoka kundi la walio hatarini kiasi hadi walio hatarini kutoweka. Waliokomaa walikadiriwa kuwa chini ya 1,400. Mabonde ya chini kama hili ndiyo yatakayoguswa na kupanda kwa bahari. Mitego yetu ina upofu wake pia: watoto, ambao huzaliwa na urefu wa sentimita 40 hivi, huishi mitini kuwakwepa wakubwa wanaowala, na hawaingii sandukuni.

Saa 8 hadi saa 11 jioni

Ukaguzi wa pili, kwa haraka zaidi. Mtego mtupu hubadilishiwa chambo kilichoingiliwa na sisimizi. Njiani tunahesabu vinyesi vya kulungu wa Timor kwenye mistari iliyopimwa. Kulungu, chakula chao, wakiwa wachache, kenge huwa wadogo: wale wa visiwa vidogo vya Gili Motang na Nusa Kode hawafikii miili ya wenzao wa Rinca.

Septemba ni msimu wa mayai, hivyo vichuguu vya megapodi, ndege wanaofukia mayai yao kwenye vilima vya udongo, ambavyo kenge majike huvichimba upya, tunavitazama kwa mbali. Jike hutaga mayai 20 hivi na huchimba mashimo mengine ya kuwapoteza wezi. Shimo lenye udongo mbichi si ushahidi wa kiota. Jike anayerudi palepale siku baada ya siku ndiye ushahidi, na mtego wowote ulio karibu naye unaondolewa, kwani jike aliyefungiwa ameacha mayai bila mlinzi.

Saa 12 jioni

Mitego yote inafungwa kwa pini ya usalama. Utepe uliotumika tunarudi nao kambini, kwa vile unanuka damu na kenge ataumeza. Betri zinachajiwa, nyama ya kesho inatolewa kivulini na kufungiwa kwenye sanduku lenye kufuli.